Tangi Lililojaa Likasema Tupu

Maji yalifurika kutoka tangi la paani, na pampu bado inavuma. Osmel alikuwa ameifungia kifaa cha kuizima tangi likijaa, ili mama wa mchumba wake akubali posa.

Mama alisimama uani, rola za nywele zikimchuruzika maji, na nusu ya Havana ikichungulia madirishani.

"We mhandisi, limejaa!"

"Najua, mama!" Osmel akajibu kutoka paani. " Tangi likijaa, kipimo kinaipelekea chipu, ubongo wa kifaa, volti karibu sawa na zinazoiendesha. Hapo inachanganyikiwa, inasema tangi tupu."

"Kama wewe na ramu. Ukijaa ndipo unaomba nyingine. Dawa yake nini?"

"Nipunguze volti za kipimo ziwe nusu."

Mama akachomoa rola moja, akaikung'uta.

"Punguza na ramu. Halafu shuka tupange harusi."