Kilio cha Odessa

Filamu ile ya bei rahisi ilihitaji mama mweusi wa kumlilia mwanawe aliyeuawa na wazungu, na watengenezaji wake wakamwajiri Odessa, mfua nguo wa pale mjini. Mwanawe wa kweli aliuawa vivyo hivyo mwaka uliotangulia.

Mbele ya maiti ya bandia, machozi hayakumtoka.

“Lia, wewe!” mwongozaji akafoka.

“Siku ile hakulia,” akasema Virgil, mwenye duka, mzungu aliyekodiwa kuigiza muuaji. “Alipiga magoti, akamvua mwanawe viatu, akavikumbatia.”

“Safi! Fanya hivyo hivyo.”

Odessa akaganda. Siku ile, kule msituni, alidhani yuko peke yake na maiti.

Akamgeukia Virgil, akaanza kumwendea taratibu, na mwongozaji akamnong’oneza mpiga picha asizime kamera.