Klabu ya Mika

Hivi ungekuwa wewe ndiye Mika, umerudi kutoka vita vya Burma na mkono wa kulia umenyauka, ungejiunga na klabu ipi ya mazoezi?

Katika ile ya mjini Arusha, wote walinyamaza kwa heshima, na mwalimu akamshikia chuma asije akaumia.

Ya Ngaramtoni ilikuwa banda tu, lenye madebe yaliyojazwa saruji. Mika aliinua debe, vidole vikatetemeka, likaanguka puu!

“Afande, Wajapani uliwapiga na nini? Kijiko?” akauliza mmoja wa wanachama. Banda zima likaangua kicheko.

Mkewe, aliyekuwa amemsindikiza, akamvuta koti. “Twende zetu, Baba Ruth.”

Lakini Mika naye alikuwa akicheka mpaka machozi.

“Niandikeni hapa hapa,” akasema. “Tangu nirudi, nimetamani mtu mmoja tu anitanie.”