Mafiga Yaliyosimama

Zawena alikuta mafiga matatu yamesimama kando ya miti miwili msituni, akaona ni bahati. Alitua shanta, akafunga machela yake ya kulalia kwenye miti hiyo, kisha akabandika chai.

Mrina asali alipita akirudi mjini, ndoo begani.

"Karibu chai, kaka."

Hakukaa. Aliyakodolea macho mafiga. "Umeyasimamisha wewe, dada?"

"Nimeyakuta."

"Sisi warina asali, mtu akihama kambi huyaangusha kwanza. Yakiwa yamesimama, mwenyewe bado yupo."

"Labda alisahau."

"Mtu husahau panga. Hilo halisahau." Akahamishia ndoo bega la pili. "Fungua kamba zako twende, jua lingalipo."

Zawena alicheka. Alikuwa ametembea siku mbili akitafuta mahali pasipo na mtu. "Mwenyewe akija, nitamkaribisha chai."

Yule mtu akaondoka bila kuaga, tena kwa haraka.

Zawena akajilaza kwenye machela, akatazama juu kutafuta ndege, maana tangu afike hakuwa amesikia hata mmoja. Juu kabisa, kwenye miti ileile miwili, ilining'inia machela nyingine. Ilikuwa imepauka kwa mvua na jua, na katikati imebonyea kama yenye mzigo.

Alijiuliza mtu angepanda juu kiasi kile kwenda kulala, akikimbia nini.

Kisha akateremsha mkono polepole, akapima kutoka mgongoni mwake hadi chini kwenye majani. Zilikuwa shubiri tatu tu.