Usingizi wa Kuazima

Dereva alimtupia shemeji yake kifuani barakoa ya mashine ya kupumulia.

"Vaa."

Shemeji, kaka wa mkewe, aliinua kichwa kutoka kwenye kochi. Mtaa mzima ulimwita Gogo. Alikuwa amefukuzwa kazi tatu za udereva, zote kwa kosa moja: kulala. Usiku alikoroma na kushtuka kama aliyekabwa, mchana alisinzia akila, alisinzia akisemeshwa, na sasa ulikuwa mwaka wa pili anasinzia kwenye kochi la watu.

"Nivae ili iweje?"

"Unakula kwangu, unalala kwangu. Leo lala kwa faida."

Mashine ya zamani Dereva aliizoea. Kwa miaka sita ilimpulizia hewa puani usiku kucha, ikamwokoa na ule ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, mpaka asubuhi moja ikatoa harufu ya waya ulioungua na kuzima moja kwa moja. Kampuni ya mabasi ikampa mpya. Hiyo mpya ilikuwa balaa. Barakoa yake ilifunika pua na mdomo pamoja, mikanda ilimbana kisogo, na hewa ilimshuka kooni kama mtu anayemlazimisha kumeza maneno yake. Usiku wa tatu aliing'oa, akaapa haivai tena.

Taabu ni kwamba mashine yenyewe ilikuwa mmbea. Kila kukicha ilimpelekea muuguzi wa kampuni taarifa: imevaliwa kwa saa ngapi, pumzi zimekatika mara ngapi.

"Ukivaa chini ya saa nne kwa usiku, usukani hushiki," muuguzi alimwambia mbele ya madereva wenzake.

"Inanikaba."

"Mwanzoni huwakaba wengi, kaka. Njoo tukubadilishie barakoa, tupunguze na nguvu ya hewa. Mwili huzoea polepole."

"Mimi si mtoto mchanga wa kufundishwa kulala."

Akamgeuzia mgongo. Ndipo alipomkumbuka Gogo. Kwa kulala, nani angemshinda?

Mkewe alipomkuta kaka yake kafungwa mikanda usoni, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Huyo ni ndugu yangu, si msumari wa kutundikia vitu vyako."

"Ana kazi gani nyingine?"

"Na wewe utalalaje?"

"Kama wanaume wanavyolala."

Wiki haikuisha, muuguzi akapiga simu kumpongeza. Saa saba kila usiku! Dereva alicheka peke yake mpaka akakohoa. Lakini mwili wake haukuwa na la kuchekea. Alikoroma, akakabwa, akashtuka, akalala tena. Asubuhi kichwa kilimgonga kama kuna fundi bati ndani. Kwenye foleni aliwatukana watembea kwa miguu, kondakta na hata taa za barabarani, ili tu asifumbe macho.

Gogo naye akaanza kumkera kwa namna mpya. Alikuwa akiamka alfajiri, anafagia ua, ananyoa ndevu, anapiga pasi shati lake la pekee, anatoka bila kuaga. Akirudi, mezani hakuishiwa maswali.

"Shemeji, haya mabasi yenu mapya yana gia ngapi?"

"Yanakuhusu nini? Kochi halina gia."

"Na msimamizi wenu huingia ofisini saa ngapi?"

"Kula unyamaze."

Gogo alikula, akanyamaza. Alimtazama tu shemejiye akipikicha macho mekundu, na Dereva akaona huo ni ufedhuli wa mtu aliyeshiba cha bure.

Wiki ya sita, mchana kweupe, Dereva alifumba macho akiingia stendi. Basi liling'oa lango, likabomoa kibanda cha tiketi. Mungu si mtu, mkatisha tiketi alikuwa ametoka kwenda msalani. Hakuna aliyeumia.

Alipoitwa kwa msimamizi, aliingia na jibu lake tayari.

"Ni ugonjwa, mkuu. Pumzi hunikatika usiku, mchana nachoka. Mnajua wenyewe. Utamwadhibu mtu kwa maradhi?"

Msimamizi alimgeukia muuguzi. Muuguzi alifunua karatasi zake, akasoma bila kupandisha sauti.

"Usiku arobaini na moja mfululizo. Saa saba na zaidi, hakukosa hata mmoja. Kukatika kwa pumzi, karibu hakuna. Mkuu, huyu analala vizuri kuliko sisi sote humu ndani. Ugonjwa umetulia kabisa."

Dereva alipiga hesabu. Kusema kweli ni kukiri udanganyifu. Kunyamaza ni kukubali uzembe.

"Sasa niambie," msimamizi alisema, "mtu mzima aliyelala usiku kucha anafumbaje macho saa nane mchana, abiria hamsini nyuma yake?"

Msimamizi alizikunja karatasi za muuguzi.

"Basi ni uzembe. Kazi huna. Kuna dereva anayeomba kazi, ananisumbua kila asubuhi, ananingoja hapo mlangoni kabla sijafika. Juzi nikampa majaribio ya safari nzima, kwenda na kurudi, hakupepesa hata kope. Yuko kwenye benchi nje. Mkabidhi funguo."

Dereva alitoka akimlaani kimoyomoyo huyo fisi aliyekuwa akiivizia riziki yake. Kwenye benchi alikuwepo mtu mmoja tu, amekaa wima, kiganja ameshakinyoosha.

"Funguo, shemeji," alisema Gogo. "Abiria wananisubiri."