Yai la Kanga

Kila Bi Mishi alipoongeza neno lake, kitabu kilijizima. Vitabu vya watoto siku hizo vilikuwa na masikio, navyo vilitaka kusomwa kama vilivyoandikwa, basi.

“Yai la kanga lina ganda gumu,” alisoma, akifuata herufi kwa kidole. “Tena hili, mjukuu wangu, huchotwa kwa upawa. Ukilishika kwa mkono, mama yake hulisusa na—”

Picha zikapotea tena.

“Bibi na wewe!” Riziki alifoka. “Hata yai la mamba hatujalifikia!”

“Haya, nimekoma.”

Wakaanza upya. Walipofika kwa kanga, ulimi ukamwasha Bi Mishi. Kabla hajatamka, kiganja kidogo kikamziba mdomo. Riziki akafunua kurasa kwa mkono wa pili, bila neno kusomwa, hadi mwisho.

“Hongereni,” kitabu kikasema. “Leo mmesoma vizuri.”