Jenerali wa Kaure

"Mgomba hauna uso, shemeji. Mimi silii juu ya mgomba."

"Basi lilie shimo tupu, Mama Silvano," Makokha alimjibu. "Mtoto amepotelea vitani. Maiti hatuna, hata picha hatuna. Wazee wamekata mgomba tuuzike badala yake, nawe umejifungia humu na kisahani chako."

Perpetua alikitazama. Kilikuwa kisahani cha kale cha kaure, kilichotoka Ufaransa, kimechorwa jenerali mwenye masharubu na nishani kifuani. Masista walimpa walipofunga misheni, naye akakitundika ukutani. Tangu utotoni Silvano alisimama mbele ya jenerali huyo, kakaza shingo, akipiga saluti hadi uji ukapoa. Siku aliyokwenda jeshini aliuaga uso ule kabla ya kumuaga mama yake.

"Huyu ndiye aliyemwita," Perpetua alisema. "Basi amfuate."

Alikitungua, akatoka nacho hadi kaburini, akainama na kukilaza juu ya mgomba uliovishwa sanda. Hakuna aliyemzuia. Beleshi la kwanza la udongo lilifunika nishani, la pili masharubu. Macho ya buluu yakabaki wazi, na Makokha akasimama, beleshi limejaa, mikono haishuki.