Kifurushi cha Mwisho

Barua pepe ya saba ilirudi na jibu lile lile: "Bado. Niachieni kifurushi changu."

Mhandisi akasonya. Miezi minane sasa alikuwa aking'oa njia ya zamani ya kujenga vifurushi vya programu za lugha ya Python katika mfumo wa Linux ambao timu yake iliutengeneza, uliosakinishwa kwenye seva za hospitali na benki. Njia hiyo ilikuwa ya hatari: mashine ya ujenzi ilitekeleza chochote kilichoandikwa ndani ya faili la setup.py, bila kuuliza. Vifurushi mia nne na kumi na viwili vilikwisha kuhamia njia mpya. Kilibaki kimoja, cha mzee waliyembandika jina Babu Saini, kwani hakuna toleo lililotoka bila saini yake ya kidijitali, iliyotiwa kwa kifaa alichokuwa nacho yeye tu. Mhandisi hakuwahi kumtia machoni.

"Mzee wa watu, mpe muda," kiongozi wa timu alizoea kumwambia.

Asubuhi iliyofuata akakifungua kifurushi hicho mwenyewe. Akakwama kwenye mstari wa mia mbili na tisa. Kila kilipojengwa, kifurushi kilichota kitu kutoka nje na kukipenyeza kimyakimya ndani ya mfumo mzima. Mlango wa wizi. Na uliwekwa mwezi uliopita tu.

Kiongozi aliusoma mstari ule mara mbili. "Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu, kaka. Nataka nimwendee huyu mzee, anieleze ana kwa ana. Anwani yake nimeipata kwenye kumbukumbu za zamani."

"Usiende peke yako. Mtu wa namna hii si wa kuchezea. Nitakupeleka."

Wakaondoka kwa gari la kiongozi. Nyumba ya mzee ilikuwa mwisho wa barabara, geti limeliwa na kutu.

"Tangulia, naegesha gari," kiongozi alisema.

Aliyemfungulia alikuwa mwanamke mwenye mvi.

"Shikamoo, mama. Namtafuta mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pita ukae." Akashusha pumzi. "Umechelewa. Mwaka wa pili huu tangu nimzike mume wangu."

"Mbona jana amenijibu!"

"Nani? Marehemu?"

"Mama, kompyuta yake iko wapi? Na kile kifaa cha saini yake?"

"Nilivitoa baada ya mazishi. Alikuja mtu wa kazini kwenu, mpole kweli, akasema ni vitu vya kazi."

Mhandisi akatoa simu amwite kiongozi aje upesi. Hata hakuwahi kubonyeza. Mlango ulifunguka nyuma yake, na uso wa mama ukachangamka.

"Si huyu hapa! Karibu, baba. Nilidhani umeshatusahau."

Kiongozi akaingia akitabasamu, akaufunga mlango kwa komeo.